"Mwalimu, unasahihisha picha au unasahihisha kamera?"

Shikamoo Mwalimu,

Naomba unisaidie kabla muhula mpya haujanikuta na kichwa hikihiki. Mimi ni mwalimu wa sanaa wa sekondari. Chuoni nilisomea uchoraji. Nilipofika shuleni nikakuta masomo ya vitendo hayana watu, na mkuu wa shule akaona kwamba kwa kuwa yote ni "kutengeneza vitu", basi niyabebe yote: uchoraji, usanifu, upigaji picha, na juu yake chakula na lishe. Kupika najua kama anavyojua mtu mwingine yeyote. Kamera nimeishika ukubwani.

Siombi kupunguziwa vipindi. Hilo nimeshaliomba na jibu nimelipata. Kinachonikosesha usingizi ni kusahihisha.

Muhula uliopita niliwapa kidato cha tatu kazi ya kupiga picha ya mtu. Mmoja akaleta picha ya mzee amekaa karibu na dirisha, nuru imemwangukia upande mmoja wa uso, nyuma yake kumefifia vizuri. Nikampa alama za juu kuliko wote. Kumbe alitumia kamera ya kaka yake, ile ya kubadilisha lenzi. Mwenzake, aliyepigia simu yenye kioo kilichopasuka, akanyoosha mkono akaniuliza: "Mwalimu, unasahihisha picha au unasahihisha kamera?" Darasa zima likacheka. Nikasema tutalizungumza, na hadi leo hatujalizungumza.

Jikoni ndiko balaa zaidi. Darasa lina wanafunzi arobaini, majiko ni manne. Katika kila kundi wawili wanapika, wanane wanasubiri kuonja. Kengele inalia masufuria yakiwa machafu, na mwalimu wa kipindi kinachofuata ameshasimama mlangoni. Siku ya keki, kundi moja lilitoa keki iliyodidimia katikati. Niliwapa alama ndogo kwa sababu keki ilikuwa mbaya, ingawa wao ndio pekee walioniuliza maswali ya maana siku ile.

Kwenye usanifu nako siku hizi mabango yanakuja safi mno. Rangi zimepangika, sura zinang'aa, ila ukisogeza macho kwenye maandishi madogo unakuta herufi zisizosomeka kwa lugha yoyote. Najua ni akili mnemba, mwanafunzi anakana, na mimi sina ushahidi.

Na ofisini kwa walimu masomo yangu yanaitwa ya kupumzisha akili. Mtoto akishindwa hesabu anaambiwa aje kwangu. Nianzie wapi?

Mwalimu wa Masomo Manne

*

Marahaba, mwalimu.

Huyo mwenye simu iliyopasuka mshukuru, maana amekuuliza jambo ambalo hata wasahihishaji wazoefu hulikwepa. Na jibu lake, bila kuzunguka, ni kwamba kwa sasa unasahihisha kamera. Jikoni unasahihisha jiko, kwenye mabango unasahihisha programu. Ukitoa alama zote kwa kitu kilichokamilika, ndani yake unakuwa umelipia bahati, vifaa vya nyumbani na mkono wa ndugu aliyesaidia, wala huna namna ya kuvichambua.

Cha kusahihisha ni maamuzi ya mwanafunzi: aliona nini, akajaribu nini, akabadilisha nini na kwa sababu gani. Hayo huyapati kwenye kazi iliyokwisha, unayapata njiani. Kwa hiyo acha kujiona una masomo manne. Una somo moja lenye vifaa vya aina nne, na chombo chake kikuu ni daftari la kazi, ambalo mwanafunzi analibeba kutoka meza ya kuchorea hadi jikoni.

Kwa kazi za darasani mimi hupendekeza alama 60 ziende kwenye daftari, 30 kwenye kazi iliyokamilika, na 10 mwanafunzi azipate kwa kusimama na kueleza kwa mdomo. Kama baraza lenu la mitihani lina mgawanyo wake, huo ndio wa kufuata kwenye mitihani, na mabishano hayasaidii. Lakini hizo 30 usizifute. Picha nzuri bado ni nzuri, na keki iliyodidimia bado imedidimia. Mwanafunzi anayeambiwa kila mara kwamba matokeo si kitu hugundua haraka kuwa anadanganywa.

Sasa tahadhari, maana najua litakalotokea. Wiki ya kukusanya, wanafunzi wataanza kutunga daftari kinyumenyume. Atamaliza bango kwanza, kisha atachora "michoro ya awali" mitatu ya uongo ili ionekane alitoka mbali. Daftari lililorembwa kwa vibandiko na vichwa vya habari vya rangi mara nyingi limetengenezwa usiku mmoja. Dawa yake ni ndogo: dakika tano za mwisho za kila kipindi, kila mwanafunzi aandike sentensi mbili tu, nilichobadilisha leo na kwa nini, nawe upite ukiweka sahihi na tarehe. Ukurasa usio na sahihi yako hauhesabiwi. Huhitaji kuusoma siku hiyo, unapita tu na kalamu. Na uwaambie mapema kwamba mwandiko mbaya haupunguzi alama na vibandiko haviongezi.

Turudi kwa yule mzee wa dirishani. Mwenye picha ungemwomba picha zote alizopiga siku ile, kwa mpangilio wake, bila kufuta hata moja. Achapishe ndogondogo kwenye ukurasa mmoja, au kama hakuna printa azioneshe kwenye skrini huku wewe ukiandika. Kama alipiga moja tu ikatoka vile, kamera imefanya kazi yake. Kama alipiga ishirini, na unaona alivyomsogeza mzee kutoka katikati ya chumba hadi dirishani, akazima taa ya dari iliyokuwa ikitia umanjano, akashuka chini hadi macho yakawa usawa wa lenzi, basi huyo ni mpiga picha na alama zake ni halali hata kama kamera ni ya kaka. Kwa mwenye simu, kipimo ni hichohicho. Muulize pia kila mmoja kama aliyepigwa picha alikubali ipigwe na ioneshwe darasani. Hilo nalo ni sehemu ya somo, na liandikwe.

Uwaeleze na jambo la kiufundi linalowapa wenye simu haki yao. Simu nyingi tundu la lenzi, lile linalopitisha mwanga, ni dogo na halibadiliki. Ule ukungu mzuri wa nyuma mara nyingi unatengenezwa na programu. Kwa hiyo ukiweka "nyuma kufifie" kama kigezo, umeshawakata alama kabla hawajaanza. Weka kigezo ambacho kila kifaa kinakiweza: nuru inatoka wapi, nini kimeingia kwenye fremu na nini kimeachwa nje, mpigaji alisimama wapi.

Kuhusu pa kuanzia, nakushauri yai. Usicheke. Chukua mayai yenye ganda jeupe, na wiki tatu za kwanza za muhula zote ziwe za yai.

Kwenye uchoraji, liweke juu ya karatasi nyeupe, taa au dirisha likiwa upande mmoja. Yai jeupe juu ya karatasi nyeupe linamnyang'anya mwanafunzi ile kinga yake ya kuchora mstari wa pembeni kisha kujaza ndani, kwa sababu mstari haupo, yapo mwanga na giza tu. Na angalia watakachofanya chini ya yai. Karibu wote wataikoleza sehemu hiyo iwe nyeusi kuliko zote, maana wanajua kivuli kiko chini. Mwinamishe mmojammoja atazame tena: karatasi inarudisha mwanga juu, na pale chini kabisa yai limepata weupe kidogo, giza zito limekaa juu zaidi, kama mkanda. Mtoto akiuona mkanda huo kwa macho yake mwenyewe ameanza kuchora anachokiona. Mwambie aandike kwenye daftari mchoro wa kwanza ulikosea wapi, halafu achore wa pili.

Yai hilohilo lipigwe picha, kwenye karatasi ileile. Kamera hupima nuru ikidhani kilicho mbele yake ni cha kijivu cha wastani. Ikikutana na weupe mtupu hujiona imepewa mwanga mwingi mno, inaupunguza, na yai linatoka la kijivu kama limepitiwa na vumbi. Mwanafunzi akiongeza mwanga hatua moja hivi, au kwenye simu akagusa yai kwenye skrini na kusogeza alama ya jua juu, weupe unarudi. Hapo amejifunza kwamba mashine inabahatisha na yeye ndiye anayeamua. Kama simu ni tatu kwa darasa zima si tatizo: mmoja anashika simu, mmoja anashika karatasi nyeupe ya kurudisha mwanga, mmoja anaandika kilichobadilishwa, kisha wanabadilishana.

Hata bila simu hata moja, upigaji picha unafundishika. Ziba madirisha ya darasa, acha tundu dogo, na mandhari ya nje itajichora ukutani ikiwa kichwa chini miguu juu. Ibn al-Haytham, mwanasayansi wa Kiarabu aliyechunguza nuru, alieleza jambo hilo karne ya 11, kabla ya kamera yoyote ya kubeba mkononi. Anna Atkins, Mwingereza mtaalamu wa mimea, naye mwaka 1843 alianza kutoa kitabu cha picha za mwani wa baharini bila kutumia lenzi: alilaza mimea juu ya karatasi iliyopakwa kemikali za chuma, akaianika juani, akaisuuza kwa maji, ikabaki ya buluu yenye umbo jeupe la mmea. Njia hiyo ilikuwa imegunduliwa mwaka mmoja nyuma tu, 1842, na mwanasayansi Mwingereza John Herschel.

Kwenye usanifu, mpe kila mmoja karatasi moja, bila gundi wala utepe, atengeneze kifungashio kitakacholibeba yai bila kupasuka, na asitupe kipande chochote. Wazo la kutotupa si langu. Josef Albers, alipofundisha kozi ya awali pale Bauhaus nchini Ujerumani miaka ya 1920, aliwapa wanafunzi wake karatasi akiwataka wagundue inaweza nini bila kupoteza chochote. Ile ilikuwa shule ya usanifu yenye jina kubwa, na karatasi haikuwekwa kwa sababu ya umaskini peke yake: kifaa kikiwa kimoja kwa wote, kinachotofautiana ni fikra. Ukitaka mfano mwingine wa usanifu unaoanzia jikoni, wape kisu cha kumenyea. Mwaka 1990 kampuni ya OXO ilitoa vifaa vya jikoni vyenye mipini minene ya mpira baada ya mwanzilishi wake, Sam Farber, kuona mke wake mwenye maumivu ya viungo akipata shida kushika kimenyeo. Waulize wanafunzi: jikoni kwetu ni kitu gani kinamwumiza mtu, na nani?

Na sasa jikoni. Shida yako si majiko manne. Shida ni kwamba kila kundi linapika pishi zima, na pishi zima halina nafasi ya watu kumi. Acha kupika pishi, fanya majaribio madogo. Mayai sita kwenye sufuria moja, yatolewe dakika ya 6, ya 9, ya 12, mengine yaachwe hadi dakika 20. Yakatwe nusu, yapangwe mstari, yapigwe picha na wale wale uliowafundisha kuhusu weupe. Wataona ute umeganda kabla ya kiini, kwa kuwa ute huanza kushikana joto likipita kidogo nyuzi 60 na kiini huhitaji zaidi. Lile la dakika 20 litakuwa na pete ya kijani kuzunguka kiini: salfa ya kwenye ute imekutana na chuma cha kwenye kiini. Mwite mwalimu wa kemia aje aone. Usimwambie kwa nini unamwita.

Sosi ni hivyohivyo. Kijiko kimoja cha unga wa ngano, kikombe cha maji, makundi manne. La kwanza linatia unga mkavu kwenye maji yanayochemka, la pili linaukoroga kwanza kwa maji baridi kidogo, la tatu linaukaanga kwa mafuta kabla ya kutia maji, la nne linatia unga kwenye maji yote yakiwa baridi na kupasha huku likikoroga. La kwanza litapata mabonge, na ukipasua bonge ndani utakuta unga mkavu kabisa. Wanga wa nje umevimba na kuziba njia kabla maji hayajaingia. Ukurasa wa mwanafunzi aliyeandika "bonge lilikuwa na unga ndani, kwa hiyo maji hayakufika" unanipendeza kuliko sosi laini ya mwenzake asiyejua kwa nini ni laini. Ni kwa hesabu hiyo kundi la keki iliyodidimia lilistahili zaidi ya ulichowapa. Wangeandika sababu wanazoshuku (tanuri lilifunguliwa mapema, bekingi pauda ilizidi, katikati hapakuiva), wangepika tena kikombe kimoja kidogo wakibadilisha kimoja tu kati ya hivyo, wangewapita waliofuata maelekezo hadi mwisho bila kufikiri.

Wale wanaosubiri kuonja wape kazi ya kuonja kweli. Vikombe vitatu, viwili vina kitu kilekile na kimoja ni tofauti, mwonjaji atafute kilicho tofauti bila kuambiwa. Akibahatisha, nafasi yake ni moja kwa tatu, kwa hiyo kusanya majibu ya wengi. Kama wengi hawakioni, mabadiliko waliyofanya wapishi hayaonekani ulimini, hata kama wao wanaapa.

Kuna mambo jikoni ambayo hayana majaribio. Kabla ya kipindi cha kwanza, pata kwa maandishi kutoka kwa wazazi nani ana mzio na wa nini, na yai lenyewe ninalokushauri limo kwenye orodha ya vyakula vinavyosababisha mzio mara nyingi, pamoja na maziwa, karanga, samaki, ngano na ufuta. Mwenye mzio wa yai asilishike, achore na apige picha kitu kingine cheupe. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kushika yai bichi. Nyama mbichi iwe na ubao wake wa kukatia. Chini ya kila ubao kitandikwe kitambaa kibichi usiteleze. Chakula kinachoharibika haraka kisikae muda mrefu kati ya nyuzi 5 na 60, na kuku aive hadi katikati pafike nyuzi 75. Moto uzimwe dakika 20 kabla ya kengele, na usafi uwe na alama zake ndani ya zile za daftari. Utashangaa masufuria yatakavyong'aa.

Akili mnemba: usigeuke polisi. Programu zinazodai kuitambua hukosea, na ukimtuhumu mtoto asiye na hatia umempoteza. Badilisha mwanzo wa kazi. Bango lianzie darasani, kwa penseli, kutokana na kitu kilicho mezani, na ukurasa huo usainiwe. Akitaka kutumia akili mnemba kutafuta mawazo baadaye, aandike aliiomba nini, ikampa nini, akakataa nini. Aliyeleta bango safi bila ukurasa wowote nyuma yake usimwite mwongo. Mpe karatasi, mwambie abadilishe mpangilio wa bango lake mbele yako kwa robo saa. Atakayeweza, ataweza. Asiyeweza atapata alama za kazi iliyokamilika, na zile 60 zitamkosa zenyewe, bila wewe kuhukumu.

Ofisi ya walimu usibishane nayo. Bandika ukutani kazi iliyokamilika ikiwa imezungukwa na zile zilizokataliwa, na maelezo ya mwanafunzi kwa mkono wake. Waache wapite.

Mwanzoni mwa muhula, kabla ya kuomba kamera, mwombe mkuu wa shule vitu viwili: kipimajoto cha kuchomeka ndani ya chakula, na kabati lenye kufuli la kuwekea madaftari. Kamera itatoka kwenye bajeti ya mwaka ujao, kama itatoka. Madaftari yakipotea wiki moja kabla ya kusahihisha, utarudi kusahihisha keki.